Shajara ya mradi: kiwanda cha zamani Chang'ombe, kuanzia vuli hadi kusi

Mwisho wa Oktoba

Makabidhiano yamekamilika. Tangu wiki hii eneo liko mikononi mwa ushirika: mabanda manne ya kiwanda, nyumba ya boila na bomba lake la moshi, maghala mawili, ofisi ya ghorofa moja, na uwanja wa nyuma uliojaa vyuma, magugu na miarobaini iliyojiotea yenyewe. Tuko Chang'ombe upande wa Keko, mwendo mfupi kwa miguu hadi Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu.

Historia ya mahali hapa ni ya viwanda vingi vya ukanda huu. Vilijengwa kabla na baada ya uhuru, vingi vikawa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha la 1967, vikachechemea miaka ya themanini kwa kukosa fedha za kigeni na vipuri. Ubinafsishaji wa miaka ya tisini ukavigawa: vingine vikaendelea kuzalisha, vingine vikageuka maghala, vingine vikabaki kuta na mlinzi. Chetu kilifuma vitambaa na kuvitia rangi. Mashine ziliondoka zamani kwa bei ya chuma chakavu. Yamebaki majengo, na ardhi ambayo hakuna aliyewahi kuuliza ina nini ndani yake.

Wengine wameniuliza kwa nini tuhangaike na gofu wakati Chanika na Kisarawe viwanja bado vipo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Hao ni zaidi ya milioni moja walioongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wamekwenda kujenga pembezoni, ambako barabara, maji na shule huwafuata miaka mingi baadaye. Anayekaa Chanika na kufanya kazi Kariakoo anaondoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Hapa bomba la maji la DAWASA linapita mbele ya geti, umeme upo, njia ya mabasi ya mwendokasi ya awamu ya tatu iko Nyerere. Ardhi iliyolala bure katikati ya jiji, watu wa pembezoni wanailipia kila siku kwa nauli na kwa usingizi.

Tunachokusudia ni nyumba za kupanga na za kununua, karakana za mafundi, soko dogo la chakula, na mahali pa kulelea watoto, vyote ndani ya uzio mmoja, kwa kutumia tena kila jengo linalofaa kubaki. Shajara hii ni ya wanaushirika na majirani, na ya yeyote anayefikiria kufanya jambo kama hili sehemu nyingine ya mji. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ramani ya hapa itaamuliwa na udongo na maji, kisha na watu tuliowakuta, kisha ndipo sisi wapangaji na wasanifu tushike kalamu.

Novemba

Tulipoingia hatukukuta gofu tupu. Banda la kwanza na la pili yana maseremala, wengi wao walitoka Keko nafasi ilipowabana. Kwenye ghala la mbele wapo wanunuzi wa vyuma chakavu. Chini ya mwembe karibu na geti wapo mama lishe watatu wanaolisha eneo zima, na nyuma yao mafundi bajaji. Mlinzi amekaa hapa tangu kiwanda kinazalisha. Anajua kila mfuniko wa shimo ulipo, na ameshatuokolea kazi nyingi kwa kutuonyesha tu.

Hati haiwatambui hata mmoja wao. Kisheria tungeweza kuwapa notisi na kufunga geti. Nilipinga jambo hilo kwenye kamati, na nashukuru kamati ilinisikiliza. Hawa ndio waliolifanya eneo lisiwe pango la vibaka miaka yote hiyo. Pia ni wapangaji walio tayari: wana kazi, wana wateja, na bidhaa zao zinajulikana mji mzima.

Kikao kilifanyika ndani ya banda la pili, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiongoza. Watu walikalia mbao za mkongo na vitanda visivyopigwa vanishi. Baada ya utambulisho alisimama mzee mmoja wa randa. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, mchoro wako nimeuona, mzuri. Sasa nionyeshe kwa kidole. Hii meza yangu ya kazi, siku mnaanza kubomoa inakwenda wapi, na siku mnamaliza inarudi wapi?"

Sikuwa na ramani ya kumjibu siku ile, kwa kuwa udongo haujapimwa, na nilimweleza hivyo. Fundi mwingine akataja Magomeni Kota. Wote wanaikumbuka: kaya 644 zilizohamishwa kupisha ujenzi zilisubiri miaka mingi hadi nyumba mpya zilipozinduliwa Machi 2022. Hawakuitaja kwa ubaya. Walitaka kujua kama sisi tunao uwezo wa kuwasubirisha watu miaka mingi, na wao wanao uwezo wa kusubiri.

Tukakubaliana mambo yafuatayo, yakaandikwa na kugongwa muhuri wa ofisi ya mtaa. Kila anayefanya kazi ndani ya uzio leo ameorodheshwa pamoja na ukubwa wa nafasi anayotumia. Ujenzi utakwenda kwa awamu, ili banda la nne liwe mahali pa kuhamia kwa muda bila mtu kutoka nje ya geti. Hakuna atakayehamishwa kabla ya kuonyeshwa, kwa kidole kama alivyotaka mzee, mahali atakaporudi. Suala la kodi limeachwa wazi, na mama lishe mmoja alisisitiza liandikwe hivyo hivyo: limeachwa wazi.

Desemba

Kazi ya udongo imeanza, na ndiyo iliyonikosesha usingizi zaidi.

Kutia rangi vitambaa ni kazi ya kemikali. Baadhi ya rangi za zamani zilihitaji chumvi za kromiamu ili zishike au zigeuke rangi iliyokusudiwa. Boila nazo zilichoma mafuta mazito yaliyohifadhiwa kwenye matangi, na tangi la chuma likikaa ardhini miongo kadhaa huvuja. Kwa hiyo tuligawa eneo kwa kufuata kazi iliyofanyika kila sehemu: nyumba ya rangi, boila na matangi, transfoma, mfereji wa majitaka, na sehemu ambazo tunaamini zilikuwa za kufuma na kuhifadhi tu. Panaposhukiwa zaidi mashimo yamesogezwa karibu karibu, kwingine yameachana.

Wachimbaji wanatumia keekee ya mkono, na kila hatua udongo unapangwa juu ya karatasi ya nailoni kwa mfuatano wake. Kwenye shimo la karibu na tangi, juu kulikuwa na kifusi na vipande vya matofali, chini yake mchanga mwekundu wa kawaida wa huku. Halafu ghafla rangi ikabadilika kuwa kijivu cha kuelekea weusi, na harufu ya mafuta ikapanda kabla hata keekee haijatoka. Ukiuminya kwa glavu unaacha utelezi unaong'aa. Mchimbaji alisimama mwenyewe bila kuambiwa. Nyumba ya rangi ni tofauti: udongo wake hauna harufu yoyote, unaonekana msafi kabisa. Huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi, maana kromiamu hainuki.

Sampuli zimewekwa kwenye chupa za kioo, zimeandikwa, zimefungwa kwenye boksi la barafu na kupelekwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, pamoja na maji ya kisima cha zamani kilichoko uani.

Kuhusu transfoma kongwe iliyoko nyuma ya boila: imezungushiwa uzio na hakuna ruhusa ya kuigusa. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu ambayo mkataba wa kimataifa wa Stockholm ulizitaka nchi wanachama ziache kutumia vifaa vyenye nayo ifikapo 2025 na kuiteketeza kwa njia salama ifikapo 2028. Wapo wanaotafuta mafuta ya transfoma kwa ajili ya mashine za kuchomelea, kwa hiyo mlinzi ameongezewa mwenzake usiku.

Januari

Majibu ya maabara yamekuja, na kwa sehemu kubwa ya eneo ni habari njema. Upande wa mashariki, yaani mabanda ya kufuma na uwanja wa miarobaini, udongo unafaa kwa makazi. Upande wa magharibi una matatizo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya lingine.

Mafuta yanaoza. Udongo wa kwenye matangi utachimbwa, utawekwa kwenye matuta juu ya nailoni nzito, utachanganywa na samadi na maranda, utapewa unyevu na kugeuzwa mara kwa mara ili hewa iingie. Bakteria waliomo ndani yake huyala mafuta taratibu, na joto la Dar linawasaidia. Tutapima kila baada ya miezi mitatu. Ukisharidhisha, utarudi kuwa wa kufukia chini ya barabara za ndani, si wa bustani.

Kromiamu haiozi. Inachoweza ni kubadilika hali. Ile ya aina ya sita huyeyuka kwenye maji, husafiri nayo, na husababisha saratani. Ile ya aina ya tatu hushikamana na udongo na hatari yake ni ndogo zaidi. Maabara imeikuta ya sita kwenye eneo dogo chini ya birika la kutilia rangi. Pale patachimbwa na udongo uondolewe kama taka hatarishi, kwa kibali. Sehemu inayobaki itafunikwa kwa sakafu ya zege ili mvua isipenye, na sharti hilo litaandikwa kwenye mpango wa eneo ili hata sisi tukiondoka pasije pakapandwa mchicha.

Hilo la mchicha si la kufikirika. Kila aliyekulia mji huu anajua mjadala wa mboga za Bonde la Msimbazi na maji machafu yanayozimwagilia. Akina mama wa ushirika waliomba bustani ya mboga, na ombi lao ni la haki: matembele ya mlangoni yanapunguza matumizi ya nyumba. Bustani itakuwepo upande wa mashariki, kwenye makasha yaliyoinuliwa na kujazwa udongo wa kuletwa. Kisima kimefungwa. Maji yake yana chumvi na naitreti, jambo la kawaida kwa visima vya katikati ya jiji lenye vyoo vya shimo kila upande.

Kwa hiyo mstari mkubwa wa ramani umechorwa na maabara: watu walale mashariki, kazi zifanyike magharibi juu ya zege.

Baadaye nikiangalia upepo nikaona jambo lililonifurahisha sana. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Misimu yote miwili, magharibi ndiko vumbi na moshi vinakokwenda. Waliojenga kiwanda waliweka boila na bomba la moshi magharibi, na nadhani ndiyo sababu. Chumba cha kupulizia vanishi na mashine za kukatia mbao vitakaa huko huko. Vumbi la mbao ngumu si usumbufu tu. Limeorodheshwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, na seremala anayelivuta kwa miaka thelathini anastahili mashine ya kulinyonya.

Februari

Mwezi wa joto kali, na ndio mwezi tulioshusha paa.

Mabanda yote yana mapaa ya msumeno: safu za paa fupi, kila moja ikiwa na upande mmoja uliolala na mwingine uliosimama wenye vioo. Vioo vinatazama kusini. Jua la Dar liko upande wa kaskazini kwa zaidi ya nusu ya mwaka, hivyo mwanga huingia bila jua kumpiga mfumaji usoni. Tulikuwa na washauri waliosema tubomoe tuanze upya. Nenda usimame katikati ya banda la kwanza saa saba mchana, bila taa hata moja, uone kama huwezi kusoma gazeti. Kwenye fremu za chuma kutu iko juu juu tu. Mhandisi amezipima na zinabaki. Zitapigwa msasa na kupakwa rangi.

Kilichoshindikana kubaki ni kifuniko chenyewe, karatasi za saruji yenye asbesto. Zikiwa nzima juu ya paa hazimdhuru aliye chini yake, lakini zikivunjwa, zikikatwa au zikitobolewa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, na mtu akizivuta zinakaa mapafuni. Ugonjwa huja baada ya miaka ishirini hadi arobaini, wakati hakuna anayekumbuka tena kibarua kile.

Kampuni yenye uzoefu ndiyo iliyofanya kazi. Karatasi zililoweshwa maji yenye sabuni kwanza. Bolti zilifunguliwa kwa spana, hakuna msumeno wala nyundo. Kila karatasi ilishushwa kwa mkono hadi kwenye jukwaa, ikafungwa nailoni nzito mara mbili na kubandikwa alama. Mafundi walivaa ovaroli za kutupwa na barakoa zenye vichujio, na hakuna aliyetoka na nguo ya kazi. Maseremala wote walikuwa wamehamia banda la nne, ambalo paa lake ni bati la kawaida, na mama lishe walisogezwa nje ya geti kwa muda huo, upande upepo unakotoka.

Vijana wawili wa jirani walikuja kuomba vipande vya kuezekea banda la kuku. Ni vigumu kumnyima mtu kitu anachokiona kinakwenda kufukiwa. Tulikaa nao, tukawaeleza, na siku iliyofuata tukawapa mabati yaliyotoka kwenye ghala. Natamani kila anayeshusha paa la aina hii mjini afanye hivyo, kwa sababu karatasi hizi ninaziona zikiuzwa mitaani kama bidhaa nyingine yoyote.

Aprili

Masika yametusomesha. Nyuma ya eneo kuna mfereji unaoteremka kuelekea mkondo wa Gerezani, na tulitaka kuuona ukiwa umejaa kabla ya kuchora chochote cha mwisho. Kwenye kona za ukuta tulichora vipimo kwa rangi nyeupe, na mlinzi na mwenzake wakawa wanaandika maji yalipofika kila baada ya mvua kubwa.

Maji hayaingii kwetu kutoka kwenye mfereji kama tulivyohofia. Yanaanzia ndani: uwanja mzima umesakafiwa, hivyo mvua yote ya kwetu inakimbilia kona moja na kutoka kwa kishindo kwenda kwa majirani wa chini. Wao ndio wanaolowa. Mama mmoja wa upande ule alinionyesha alama ya maji kwenye mlango wake, juu kidogo ya kiwiko cha mguu, na akasema kila mwaka anajua kiwanda kimenyeshewa. Tangu siku hiyo lengo limeongezwa kwenye mradi: baada ya ujenzi, maji yanayotoka kwetu yawe machache kuliko yanayotoka sasa.

Hesabu yenyewe inavutia. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Dar hupata takribani milimita 1,100 kwa mwaka. Kwa hiyo kila mita 1,000 za mraba za paa hupokea zaidi ya lita milioni moja, na hata ukitoa zinazopotea, ni maji mengi ya vyooni, ya kufulia na ya kumwagilia. Aliyekuwepo mjini Oktoba na Novemba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na maji yakawa ya mgao, anajua thamani yake. Mapaa ya msumeno yana mifereji mirefu kati ya kila safu, hivyo kuyakusanya ni rahisi. Tutajenga matangi chini ya ofisi ya zamani, na uwanja wa kati utashushwa kidogo na kuvuliwa zege upande wa mashariki tu, ambako udongo ni salama, uwe uwanja wa mpira wakati wa kiangazi na wa kupumzishia maji wakati wa masika.

Majitaka yatapita kwenye makaro, kisha kitalu cha kokoto na matete kabla ya kutoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia utafiti njia hii kwa miaka mingi, na inafanya kazi kwa umeme kidogo sana. Inadai nafasi na mtu wa kuitunza. Tayari tumemweka mtu wa kuitunza kwenye bajeti.

Kuhusu mfereji wa nyuma: tuliusafisha pamoja na mtaa. Mifuko ya plastiki imepungua kweli tangu marufuku ya 1 Juni 2019. Uliozibika ulikuwa kwa chupa za maji, viatu, na maranda ya mbao, ambayo yalitoka kwetu. Sasa kila karakana ina viroba vyake, na wafuga kuku wanakuja wenyewe kuyachukua ya kutandika mabandani.

Mei

Mwezi wa makaratasi. Maombi ya kubadili matumizi ya ardhi kutoka viwanda kwenda makazi na biashara yako manispaa, na tathmini ya athari kwa mazingira imewasilishwa kwa mujibu wa sheria ya 2004. Majirani wametoa maoni. Wengi waliuliza juu ya maji, wachache juu ya kelele. Hakuna zaidi la kuandika hadi majibu yaje.

Julai

Kusi linavuma, hali ya hewa nzuri, na michoro imefika mahali naweza kuieleza.

Watu wanaozungumza juu ya mji wa matumizi mchanganyiko huleta picha za kutoka mbali, wakati Kariakoo na Magomeni tumekulia ndani yake. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, genge au cherehani barazani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kwa kupikia, kufulia na kusukana. Biashara, upangaji na malezi viko chini ya paa moja. Kilichotushinda ni kuipandisha ghorofani. Ghorofa nyingi mpya zimeifuta baraza na uani, zikabakiza korido ya giza na ngazi.

Kwetu majengo ya makazi yatakuwa ya ghorofa tatu juu ya chini, bila lifti, ili gharama ya kuyaendesha iwe ndogo. Vyumba vya chini ni vya wazee na wenye ulemavu. Marefu yake yamelazwa mashariki kwa magharibi, kuta fupi ndizo zinazopigwa na jua la asubuhi na la jioni. Kila nyumba inapenyeza upepo kutoka upande hadi upande. Kila ghorofa ina uani wa pamoja ulio wazi wenye karo la kufulia na kamba za kuanikia, na mbele ya milango kuna baraza pana kiasi cha kuweka mkeka. Nyumba ndogo kabisa ni chumba na sebule yenye choo na jiko lake. Majiko yamepangwa kwa gesi, mtungi ukae nje ya ukuta, kwani mkakati wa taifa wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 na hakuna sababu ya kujenga jiko la mkaa leo.

Kuta zitakuwa za matofali ya kufungamana, yanayotumia saruji kidogo, tutakayoyafyatua hapa hapa. Zege la zamani litapondwa liwe kifusi cha msingi, ila la nyumba ya rangi halitaguswa.

Mabanda ya kwanza na ya pili, yaliyo katikati ya eneo, yanakuwa soko la chakula, mahali pa watoto, na maduka ya fenicha. Kazi yenyewe ya mbao inahamia la tatu, upande wa magharibi. Nilimpeleka mzee wa randa hadi pale, nikamwonyesha kwa kidole. Aliangalia vioo vya juu, akapima kwa hatua zake, akauliza lori la mbao litaingilia wapi. Swali lake limesogeza mlango.

Wanunuzi watapata hati ya sehemu yao ya jengo, kwa sheria ya 2008 inayoruhusu hilo. Kwa wapangaji ushirika umeamua kodi ilipwe kila mwezi. Najua wenye nyumba wengi mjini wanadai miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali juu yake. Fundi anayelipwa kitanda kikishauzwa hana fedha hiyo, na kama hatuwezi kumpokea yeye, basi sioni tumejenga kwa ajili ya nani.

Matuta ya udongo yamepimwa: mafuta yanapungua, ingawa tuta la kwanza bado halijaridhisha na litaendelea kugeuzwa hadi vuli. Kibali cha kuondoa transfoma kimetoka. Majibu ya manispaa bado.

Linalobaki wazi tangu Novemba ni kodi ya karakana. Nimebandika kwenye ukuta wa banda la nne hesabu yote: gharama za matengenezo, mkopo, maji, ulinzi, na kiasi ambacho maduka ya mbele yanaweza kuchangia ili mafundi wa nyuma wapunguziwe. Kikao ni Jumamosi ya pili ya Agosti, saa nne asubuhi, hapo hapo bandani. Mama lishe wameomba ajenda yao ianze, kwa sababu ikifika saa tano wanatakiwa wawe wamebandika wali.